Ankara Iliyolipwa Mara Mbili

Jana nilikuta karatasi ya mtihani wa hesabu ya mwanangu chini ya godoro, imekunjwa mara nne. Nilipomuuliza kwa nini ameificha, akajibu huku ameinamisha kichwa: "Nilijua utanuna, mama." Hakusema nitampiga wala nitamgombeza. Nitanuna. Neno hilo limenikosesha usingizi, na likanirudisha kwenye ile ankara.

Bosi wetu wa kwanza hakuwa mtu mbaya, na kazi aliijua. Ila ukimpelekea habari mbaya alivua miwani, akaiweka mezani, akakutazama kimya mpaka ujute kuingia. Hilo tu. Haukupita mwaka, ripoti zetu za mwisho wa mwezi zikawa safi kabisa, na droo zetu zikajaa makaratasi ambayo hakuna aliyetaka yaonekane. Wageni walioajiriwa hawakufundishwa na mtu. Waliona tunavyonyamaza, nao wakanyamaza.

Akahamishwa, akaja mama mwingine. Katika mwezi wake wa tatu nikalipa ankara moja mara mbili. Nakala ilitangulia kwa barua pepe, nikaiingiza kwenye mfumo kwa namba 0417. Karatasi yenyewe ilipofika wiki mbili baadaye, nikaandika 417. Kwa sifuri moja tu, mfumo ukahesabu ni ankara mbili. Niliona kosa Ijumaa jioni, nikilinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki. Jumatatu niliingia kikaoni na karatasi zote mbili ndani ya daftari, nimeshaamua kunyamaza. Mpaka leo sijui nini kiliunyanyua mkono wangu.

Nilieleza harakaharaka, koo limekauka. Huyu naye alivaa miwani, na macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake tu, nikisubiri ipande. Haikupanda. Aliinuka, akaizunguka meza, akavuta kiti kando yangu. Akaziomba zile karatasi, akazilaza sambamba, akaweka kidole juu ya ile sifuri. "Kumbe mfumo unakubali hivi," akasema taratibu. "Na sisi tumeuacha ukubali tangu lini?"

Tumeuacha. Nilikuwa nimejiandaa kusikia "umefanya".

Akatusimulia habari za viwanda vya Toyota, ambako kuna kamba juu ya mstari wa kuunganisha magari. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, kiongozi wake anakuja kusaidia, na wasipoimaliza kwa wakati mstari unasimama. Kisha akanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mrefu. Mtunza stoo wetu, mzee aliyebakiza miezi michache astaafu, akakohoa. "Bosi, na mimi nina langu." Kwa miezi minane alikuwa anarekebisha hesabu za stoo ili zifanane na vitabu. Baada yake akasema mwingine. Kikao cha nusu saa kilimalizika saa sita mchana.

Fedha zilirudi, na mfumo ukawekewa kizuizi. Miaka ya baadaye nikasoma kuhusu Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani aliyechunguza makosa ya dawa hospitalini miaka ya 1990. Alitarajia timu bora zingekuwa na makosa machache, lakini ndizo zilizoonekana kuwa na mengi. Maelezo aliyofikia ni kwamba huko watu walithubutu kuyasema. Niliposoma nilimuona mzee wa stoo akikohoa.

Sasa kiti cha bosi nakikalia mimi. Mwezi huu hakuna aliyeniletea kosa hata moja, na mpaka jana nilikuwa nafurahi.

Usiku nilikwenda kuketi kitandani kwa mwanangu, nikaikunjua ile karatasi juu ya magoti yangu, nikamuuliza ni swali gani lilimsumbua zaidi. Alinitazama usoni kwanza, kwa muda, kisha ndipo akaweka kidole kwenye swali la saba.