Mlipuko ukiisha, tubaki na nini?

Homa ikishapita, hema hufungwa na bajeti hukatwa. Hapo ndipo nchi hujinyima kinga ya ugonjwa ujao, kwa sababu mafunzo ya mlipuko hukaa kwa watu walioufanyia kazi, na watu hao wakiachwa watawanyike, huondoka nayo.

Nigeria haikuwaacha. Ilikuwa na kituo cha dharura cha kutokomeza polio tangu 2012. Mgonjwa wa Ebola aliposhuka uwanja wa ndege wa Lagos, Julai 20, 2014, wasimamizi wa polio walihamishiwa Ebola. Waliotangamana na wagonjwa, karibu 900, walifuatwa hadi milangoni mwao, ziara zipatazo 18,500. Walioambukizwa wakaishia 20, wakafariki 8, na Oktoba 20 nchi ikatangazwa salama. Pwani yetu nayo ina mfano: maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi ilikuwa imechunguza virusi vya mapafu vya watoto kwa miaka mingi, kwa hiyo korona ilipoingia 2020, mitambo na mafundi wa kusoma vinasaba walikuwapo tayari.

Mombasa ina bandari, feri ya Likoni na malori yanayokwenda hadi Uganda na Rwanda. Naona kazi ya kufuatilia majina ya waliotangamana na wagonjwa ndiyo ituhangaishe zaidi. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanazijua nyumba, lakini fomu ikijazwa vibaya haimfikishi mtu popote. Jina la kitambulisho halitoshi Kisauni wala Mji wa Kale. Andika na lile analoitwa mtaani, namba mbili za simu, na msikiti, duka au kisima kilicho karibu naye. Kisha andika siku ya mwisho aliyokutana na mgonjwa. Hesabu ya siku za kumfuatilia huanzia hapo, wala si siku alipopatikana: siku 21 kwa Ebola na mpox, 14 kwa korona, 5 kwa kipindupindu. Kosa hilo la tarehe ni la kawaida mno. Lingine ni kuuliza hali kwa simu pekee. Mwenye homa atajibu "sijambo", hasa akiogopa bili ya karantini kama ile watu waliyotozwa 2020. Kipimajoto kimfikie, na karantini iwe bure tangu siku ya kwanza.

Klorini, dawa ya kuulia vijidudu, pia ina masharti yake. Unga wa 70%, gramu 7 kwa lita moja ya maji, hutoa mchanganyiko wa 0.5% wa sakafu na vyombo. Wa kunawa mikono uwe 0.05%: sehemu moja ya huo, maji sehemu 9. Matapishi yafutwe kwanza, kwani uchafu huila klorini kabla haijaua kitu. Uliochanganywa jana mwaga. Na unga wenyewe, kwa joto na unyevu wa hapa, hupoteza nguvu kopo likikaa wazi.

Wakati hakuna mlipuko, kila baada ya miezi mitatu, pigeni simu zote za orodha ya wahamasishaji, maabara na madereva wa sampuli. Namba isiyopatikana ibadilishwe siku hiyo hiyo.