Rangi moja ya midomo na mashavu: tumia zingefuri, bitiruti iache jikoni

Mapishi mengi ya rangi ya asili yanayozunguka mtandaoni huanza na bitiruti, na hapo ndipo yanapoharibika. Rangi ya bitiruti huyeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haiyeyuki. Ukitia juisi yake kwenye nta ya moto, ikipoa utakuta matone mekundu yamejitenga chini ya kopo, na baada ya muda ukungu unaingia. Unga wake mkavu nao hubaki chenga chenga mdomoni, na shavuni unaacha madoa.

Zingefuri haina shida hiyo. Ni mbegu za mzingefuri, mti ule ambao watembeza wageni kwenye mashamba ya viungo Unguja hupasua tunda lake lenye miiba laini wakampaka mgeni mdomo. Rangi yake, biksini, inakubali mafuta, tena imekaa juu ya ngozi ya mbegu. Kwa hiyo usisage. Ukisaga unaongeza chenga bure. Chagua mbegu zenye wekundu wa matofali. Zilizogeuka kahawia zimeshapauka.

Weka vijiko 2 vya chakula vya mbegu kavu kwenye bakuli la kioo kavu kabisa, pamoja na gramu 15 za mafuta ya nazi na gramu 15 za mafuta ya nyonyo. Liweke bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, dakika 30 hadi 40, ukikoroga. Usiliweke motoni moja kwa moja: joto likizidi, wekundu unageuka njano na haurudi. Chuja mara mbili kwa kitambaa cha pamba.

Sasa pima kwa mizani, maana vijiko hudanganya kwenye nta: mafuta ya zingefuri gramu 19, nta ya nyuki gramu 6, siagi ya shea gramu 5. Yeyusha nta kwanza ndani ya mafuta, shea iingie mwisho. Kipimo hiki ni cha joto la Pwani. Nairobi au Lushoto punguza nta hadi gramu 4.5, la sivyo itagoma kupakika. Kabla ya kumimina, dondosha tone kwenye kijiko kilichotoka kwenye friji, kisha lisugue kwa kidole. Likiwa gumu ongeza mafuta, likiteleza ongeza nta. Ukishamimina, poza haraka kwenye friji, kwa sababu shea ikipoa polepole hufanya punje.

Peke yake zingefuri huelekea rangi ya chungwa. Kwa ngozi nyeusi, oksidi nyekundu ya chuma (unga wa rangi), robo kijiko cha chai, huipa kina. Iponde kwanza na matone ya nyonyo, kisha ikoroge kwenye mchanganyiko kabla ya kumimina. Iwe ya vipodozi, si ile ya kupaka sakafu, ambayo haikusafishwa kwa ajili ya mdomo.

Mdomoni paka utakavyo. Shavuni gusa kidogo kwa kidole cha pete, kabla ya poda. Ukipaka juu ya poda inaganda mabaka. Mwenye chunusi abadilishe mafuta ya nazi kwa ya alizeti. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa saa 24. Ndimu na mdalasini wanavyoshauri wengine viache, vinachoma ngozi. Funika kopo na uliweke mbali na jua, kwa kuwa mwanga hufifisha biksini, na angalia kola: zingefuri ikiingia kwenye nguo nyeupe haitoki kirahisi.