Pengo la sentimita 4

Zilikuja hivyohivyo.

Nimeyasema maneno hayo nikipiga mswaki, nikayarudia nikisubiri chai ichemke. Kaka kajaliwa mtoto wa kike Jumanne, mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja, Mungu ashukuriwe, lakini kichwani hakuna kingine: zilikuja hivyohivyo.

Ilikuwa Alhamisi, kwenye semina. Kijana mmoja mpole, kajiandaa vizuri, anaonyesha mchoro wa joto la bahari ya kale. Mstari unapanda, unashuka, unakatika kidogo, unaendelea. Nikaacha kuandika. Pengo lile nalijua kama kovu la kidole changu.

Wa siku nyingi hapa mnaukumbuka mwaka ule nilioumaliza nimeinamia darubini, naokota magamba ya foraminifera, viumbe vidogo mno vya baharini ambao magamba yao hutunza kumbukumbu ya joto la maji, kwa ncha ya brashi iliyolowa, moja moja, kama mtu anayechambua punje za chumvi. Nguzo ya mashapo, yaani tope lililochimbwa sakafuni mwa bahari likiwa ndani ya bomba la plastiki, hupasuliwa kwa urefu: nusu huwekwa akiba, nusu ndiyo tunayoichota sisi. Sasa pale mahali pamoja waliotutangulia walishachota hadi plastiki ikabaki tupu, sentimita 4. Tope lile hujikusanya kama sentimita 2 kwa miaka 1,000. Piga hesabu: miaka 2,000 haipo.

Nikanyoosha mkono. "Samahani, hapo mstari unapokatika pana nini?"

Akageuka, akautazama mchoro kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Sijui, dada. Data zilikuja hivyohivyo."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye mkusanyiko." Akawataja waliouunganisha kutoka data za watu wengi. Watu wakaandika majina. Mimi nikasema ahsante.

Ahsante ya nini? Tangu siku hiyo nimeshatunga majibu kama saba, yote makali, yote yamechelewa.

Na Jumatatu ya wiki hiyohiyo mkuu wa idara alikuwa amenirudishia fomu ya tathmini. Penye "mchango wa data zilizowekwa wazi" mashine imehesabu nimenukuliwa mara 2, na moja kati ya hizo nimejinukuu mwenyewe (msicheke). Mashine inasoma orodha ya marejeo basi. Shukrani haisomi, majedwali ya nyongeza haisomi, na data zikishamezwa na mkusanyiko, anayetajwa ni aliyezimeza. Idadi ya waliopakua nayo siiamini: roboti zinapakua, na mwanafunzi ambaye mtandao unamkatikia anapakua faili moja mara tano. Kama nisingekuta tope limekwisha pale, nisingejua hata kwamba ule mstari ni wangu.

Jana usiku nikafungua makala yangu ya kwanza nijiliwaze. Heri ningelala. Mchoro wa pili wote umeegemea mkusanyiko wa Lisiecki na Raymo wa 2005, miaka milioni 5.3 ya vipimo vya oksijeni, umeunganishwa kutoka rekodi 57 za bahari mbalimbali. Nimewataja hao wawili. Walioinama juu ya darubini kwa ajili ya zile 57, sikumtaja hata mmoja. Orodha yenyewe sikuwahi kuifungua.

Nikacheka peke yangu pale jikoni. Baba Neema akauliza kuna nini, nikamwambia zilikuja hivyohivyo, akarudi kulala.

Basi nikaifungua. Nimo humo hadi saa saba usiku, namba juu ya namba: 502, 552, 607, nguzo zilizotolewa na meli ya utafiti Glomar Challenger kabla haijastaafu 1983. Kila namba nyuma yake kuna mtu na brashi yake.

Asubuhi nikamwandikia yule kijana, mistari mitano, bila hata moja ya yale majibu saba. Nikamweleza tope lilikwenda wapi, maana akiliziba pengo kwa rula atapata joto ambalo bahari haikuwahi kuwa nalo. Akajibu kabla sijamaliza chai: "Shikamoo dada. Kumbe!" Hakuna zaidi. Nimeisoma hiyo kumbe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila nikiisoma inazidi kunipendeza.

Mama kapiga simu mchana, habari za mjukuu, anafanana na nani. Katikati akasema goti halimsumbui tena kabisa. Sikuwa nimemuuliza.