Siku moja maishani mwangu: Shira hadi Barranco, na vepu iliyovuja begini

Saa 11 alfajiri, kambi ya Shira, mita kama 3,850. Zipu ya hema imeganda, inabidi niipashe moto kwa kiganja ndipo ikubali kufunguka. Jikoni gesi inaunguruma, mpishi ameshaamka kabla yangu kama kawaida yake. Mimi ni kiongozi msaidizi wa wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, na kabla ya hapo nilikuwa mgumu, yaani mpagazi. Wengi wanaijua kazi yetu kwa picha ya kileleni: kiongozi na mgeni mbele ya bango la mita 5,895, meno nje. Siku ninayowasimulia haina bango. Ni siku ya tatu, ya kupanda hadi Lava Tower, mnara wa mawe, na kushuka kambi ya Barranco, na sehemu yake kubwa ililiwa na kitu kinachoenea kiganjani.

Saa 12. Chai hemani, maji ya moto ya kunawa, kupima oksijeni na mapigo ya moyo ya wageni wanne, kuandika daftarini. Wote wazima. Uji, mkate, mayai.

Saa 1 na robo hivi nikaitwa kwa sauti isiyo ya salamu.

"Kaka, hebu njoo uone watu wako walichonifanyia."

Alikuwa kijana wa Dar es Salaam, amekuja na wenzake wa kazini. Begi lake la kulalia lilikuwa nje ya hema, upande wa miguuni limelowa duara kubwa la rangi ya chai ya rangi, linanata ukiligusa. Harufu ya embe imetanda, tena embe la dukani. Mkononi ameshika vepu yake, sigara ya kielektroniki, tangi lake la kioo, linalotunza juisi yenye nikotini inayogeuzwa mvuke, likiwa karibu tupu. Jana aliiweka katikati ya begi kubwa, lile linalobebwa na mpagazi, ikazungushiwa begi la kulalia isivunjike.

"Huyu mzee wako amelibeba begi kichwa chini miguu juu," akasema. "Nimelikodi Moshi hili. Nani atalipa?"

Mzee mwenyewe alikuwa amesimama hatua chache, mikono nyuma. Ni mtu wa Kibosho, umri wa wajomba zangu, na amebeba mizigo mlimani tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Akajibu kwa upole: "Mwanangu, begi lako limekaa kichwani kwangu kutoka getini mpaka hapa. Sijalitupa, sijalikalia."

Naomba msomaji aelewe kilicho mezani hapo. Mzigo wa mpagazi hupimwa getini, mwisho kilo 20, juu yake kuna vitu vyake mwenyewe. Anatangulia kambini, anasimamisha hema, anachota maji, halafu anasubiri usiku wa mwisho kujua bahasha ya bakshishi ya wageni ina nini. Likisemwa neno "ameharibu mali ya mgeni", neno hilo linashuka naye mpaka Moshi, na safari ijayo jina lake linarukwa. Kwa hiyo sikutaka kumaliza jambo hili kwa samahani ya kufunika funika.

Nikaenda jikoni nikarudi na pakiti ya krispi. Ilikuwa imevimba, imekaza hadi mikunjo yote imenyooka. Nikamwambia: "Kaka, hii tuliinunua Moshi, iko legevu kabisa. Hakuna aliyeipuliza. Ndani yake ni hewa ileile ya Moshi, lakini hapa hewa ya nje haina nguvu ya kuibana, basi imetanuka. Tangi lako lilikuwa limejaa kiasi gani ulipotoka hotelini?"

"Nusu."

"Na nusu nyingine ilikuwa hewa. Hiyo hewa imepanda na wewe. Ilipotanuka ilitafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye koili, ule waya unaochemsha juisi, pale kwenye pamba inayoinyonya. Juisi ndiyo iliyokaa chini karibu na pamba, kwa hiyo ikasukumwa nje yenyewe kwanza. Mzee hata angelibeba begi lako kama yai, ingevuja tu."

Akanyamaza. Mwenzake mmoja, binti aliyesoma fizikia, akatikisa kichwa kukubali. Kijana akaniuliza, safari hii kwa sauti ya chini, mbona nyumbani haivuji. Nikamweleza kwamba Dar iko usawa wa bahari na hapandi wala hashuki kwa mamia ya mita kwa siku. Huku, tukifika kileleni, mgandamizo wa hewa utakuwa kama nusu tu ya ule wa kwao.

Tukakaa juu ya jiwe tukaifungua. Nilivaa glavu za mpira za kwenye sanduku la huduma ya kwanza, kwa sababu juisi ile ina nikotini na nikotini hupenya ngozi. Tangi lilifungwa kwa pete mbili za mpira, zile mafundi wanaziita oringi. Moja ilikuwa na chembe za vumbi la Shira, vumbi jeusi laini la volkano ambalo huingia hata kwenye meno. Chembe moja ikikaa kwenye pete, tangi halibani tena, na hata ukikaza mpaka vidole viume bado litavuja. Tukaipangusa kwa kitambaa kikavu. Nyuzi za skurubu nazo tukazipangusa, tukalifunga taratibu bila kulipindisha, kwa nguvu ya vidole tu.

Ndipo nikampa utaratibu ninaowapa wote wanaokuja na vitu hivi. Kuacha chombo Moshi ndiyo njia bora, lakini mtu mzima akishaamua kupanda nacho mimi kazi yangu ni kumlinda yeye na waliomzunguka. Siku ya kupanda sana, tangi liwe tupu kabisa, juisi ibaki kwenye chupa yake yenye kifuniko cha kukaza. Ukishindwa, basi lijae, maana hewa kidogo ndani ni msukumo kidogo. La nusu ndilo linalovuja. Tundu la hewa lifungwe, chombo kisimame wima, mdomo juu. Kila tukipumzika, kifuniko cha juu kilegezwe kidogo hewa itoke, kisha kifungwe. Chombo kisikae mfuko wa nje wa begi ambako jua la saa sita litaipasha juisi iwe nyepesi itiririke, wala kisikae begi kubwa la mpagazi. Na baridi ya asubuhi isikudanganye: juisi ikiwa nzito haipandi vizuri kwenye pamba, mtu anavuta kwa nguvu, anaijaza koili kupita kiasi, na jua likitoka yote inashuka.

Akauliza kama nina mfuko wa plastiki. Sina. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na mlimani tunalisimamia hilo. Mpishi akampa kopo la plastiki gumu lenye kifuniko cha kubana, lililokuwa la viungo vya pilau, nikaweka kitambaa chini. Chombo kikasimama humo wima. Lile begi la kulalia tulilipangusa kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, maji machafu yakabaki kwenye ndoo yetu ya taka, hayakumwagwa kwenye mkondo ambao kambi nzima inachota.

Tulichelewa kuondoka. Saa 2 na nusu ndiyo tunatoka, wakati vikundi vingine vimeshakuwa vidoa juu ya mteremko. Wapagazi walishapita, wao hushika njia ya chini moja kwa moja hadi Barranco. Sisi tunapandisha wageni Lava Tower ili mwili uonje mita 4,600 kisha ushuke kulala. Pole pole. Maji kila baada ya muda. Mawe, upepo, ukungu.

Karibu saa 7 mchana tukafika chini ya ule mnara wa mawe. Kila mtu amejikunyata na boksi lake la chakula. Kijana wangu hali. Amekaa, mkono umeshika paji la uso, midomo imekauka. Anasema kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, anaona kizunguzungu. Nikampima: oksijeni imeshuka kwa kiwango ninachokitegemea pale, lakini mapigo yanakimbia kuliko ya wenzake wote. Nikainama nimsaidie kulegeza koti, nikasikia embe.

Alikuwa na vepu ya pili. Ndogo, ya pakiti, isiyofunguka, mfukoni mwa suruali, ubavuni. Aliisahau au aliificha, sikuuliza. Ilikuwa imetapika yote kwenye kitambaa, na suruali yake ya ndani ya baridi imelowa imegandana na paja. Amepanda hivyo kwa saa nyingi. Na alipoona inavuta kwa shida njiani, aliivuta kwa nguvu, juisi ikamwingia mdomoni.

Hapa ndipo uchovu wa kazi hii ulipo. Kutembea nimeshazoea. Nikotini ikizidi mwilini inaleta kichefuchefu, kichwa kuuma, kizunguzungu, moyo kukimbia. Ugonjwa wa mlima unaleta nini? Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu. Macho yangu ndiyo kipimo kikubwa cha mgeni, na sasa kipimo kimechafuliwa. Nikisema ni nikotini tu, na kumbe ni mlima, naweza kumpoteza mtu. Kanuni yetu iko wazi: dalili yoyote juu huku ni mlima mpaka ithibitike vinginevyo, na dawa ya mlima ni kushuka.

Tukasimamisha mablanketi mawili, akavua suruali ile. Nikamwosha paja kwa sabuni na maji ya chupa yangu na ya mwenzangu, akasukutua mdomo, akavaa suruali kavu ya mwenzake. Ile iliyolowa na kile chombo vikaingia kwenye kopo na mfuko wa kitambaa, nikavibeba mimi. Betri yake ilikuwa imelowa pia, na tangu moto ulioteketeza mlima Oktoba 2020, na ule wa Oktoba 2022 karibu na kambi ya Karanga, kitu chochote chenye kuweza kupata joto sikiachi kitupwe majanini.

Kiongozi mkuu akaendelea na watatu kwa mwendo wao. Mimi na huyu tukashuka peke yetu, mkono wake begani kwangu kwenye mawe yaliyolowa. Sikumbuki saa. Nakumbuka kumuuliza jina lake, jina la mama yake, siku ya juma, tena na tena, nikisikiliza kama ulimi unateleza. Magoti yangu yalikuwa yanauma tangu asubuhi. Ukungu ukafunguka kidogo tukaanza kuona ile miti minene ya senesio, na hapo akaniambia ana njaa. Sentensi hiyo ilinipa nguvu.

Barranco, jioni. Mapigo yametulia, kichwa kimeacha kugonga, amekula supu na wali. Nitampima tena usiku na tena alfajiri, na nimemwambia mbele ya kiongozi mkuu kwamba kichwa kikirudi hapandi Karanga. Yeye mwenyewe, bila kuombwa, alikwenda hema la wagumu akamwambia yule mzee, "Baba, nisamehe, nilikusemea vibaya." Mzee akamwambia yameisha, akamuuliza kama ameshapata chai. Kwenye daftari la safari niliandika kwamba begi la kulalia liliharibiwa na kifaa cha mgeni mwenyewe, mpagazi hahusiki, na mgeni akaweka sahihi chini yake.

Kwenye hema la kulia nikawaeleza ukuta wa Barranco wa kesho. Kuna mahali unalikumbatia jabali kifua kwa kifua, mikono yote miwili juu, na chochote kilicho mfuko wa mbele kinabanwa kati yako na jiwe. Mifuko iwe mitupu: simu, chokoleti, vepu, kila kitu. Juisi yote ya tangi lake niliimimina kwenye chupa yake mbele yake, nikalikausha tangi, nikalirudisha kopo kwake. Tangi litabaki tupu mpaka tushuke lango la Mweka. Saa 12 na nusu asubuhi tunaondoka, kabla ukuta haujajaa watu.