Nionyeshe kwa Mkono

Jumamosi, usiku. Mvua ya masika ilianza saa kumi jioni na mpaka naandika haijakata. Moshi ikinyesha hivi stendi inageuka tope, na nusu ya wanaoingia famasi wamekuja kujikinga tu. Lakini mtu akisimama dakika kumi mbele ya makabati ya dawa hakosi kukumbuka ugonjwa. Leo watu 17 wameniulizia "ya tumbo". Niliwahesabu kwa sababu asubuhi nilibishana na mwenzangu kwamba siku hizi tumbo linauzisha kuliko homa, na nimeshinda.

Wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda, amelowa chapachapa. "Dokta, moyo unaniungua." Mgeni wa kazi angeshtuka. Mimi nimeshazoea, maana Kiswahili chetu kimeuweka moyo tumboni. Mtu akitaka kutapika, moyo unamchafuka. Pale chini ya kidari mbavu zinapoachana panaitwa chembe cha moyo, na kinachouma pale mara nyingi ni tumbo. Moyo wenyewe hauna habari. Mwaka wangu wa kwanza kaunta nilikuwa nasikiliza maneno na kutoa dawa kwa maneno. Sasa nasema: nionyeshe kwa mkono.

Kijana akapandisha kiganja kutoka tumboni hadi kooni, kama anayejichua. Huo ndio mkono wa kiungulia, asidi inarudi juu kwenye umio, ile njia ya chakula. Chakula chake cha usiku ni chipsi mayai saa tano na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, saa tano na nusu yuko kitandani. Nikampa vidonge vya magnesiamu vya kupoza asidi, nikamsisitiza atafune, asivimeze vizima. Yapite masaa matatu kati ya chakula na kitanda, na miguu ya kitanda upande wa kichwani ainyanyue kwa tofali. "La kuchoma au la bloku?" Lolote, nikamwambia, mradi yawe mawili yanayolingana. Nimelipenda swali lake. Anayeuliza aina ya tofali ameshaamua kwenda kulitafuta.

Alitaka na omeprazoli, kwa kuwa wenzake kijiweni wanaitumia. Sikumuuzia. Hiyo haizimi moto uliokwisha kuwaka. Inafunga pampu zinazotengeneza asidi, na inazifunga kidogo kidogo, siku moja hadi nne ndipo uione kazi yake. Humezwa nusu saa au zaidi kabla ya chai ya asubuhi. Watu wanaimeza usiku juu ya nyama choma, kesho wananirudia kuniambia nimewauzia feki.

Kuna mama alikuja na karatasi ya maabara ya mtaani, kipimo cha damu, "una vidonda vya tumbo". Kipimo kile hakioni kidonda. Kinaonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na alama yake hubaki kwenye damu hata bakteria akishakufa. Wako wengi wanaoishi naye bila kidonda chochote. Cha kumtafuta kama bado yupo ni kipimo cha choo au cha pumzi, na hapo uwe umeacha omeprazoli wiki mbili, la sivyo majibu yanadanganya. Akaniambia vidonda vyake ni vya mawazo na kukaa na njaa, kila mtu anajua. Nikamsimulia Barry Marshall, daktari wa Australia aliyekunywa wadudu hao mwaka 1984 ili kuwashawishi wenzake, akaugua tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. "Huyo naye alikuwa na mawazo," mama akasema. Sikuwa na la kujibu.

Swali ninalomuuliza kila anayenunua magnesiamu ni la dawa za kila siku. Wengi wanaotumia ARV hapa nchini sasa wako kwenye kidonge chenye dolutegraviri, na magnesiamu ikikutana nayo tumboni huing'ang'ania isifyonzwe. Mtu anatuliza kiungulia huku anajipunguzia dawa inayomweka hai. Ugumu ni foleni. Siwezi kumuuliza mtu jambo hilo mbele ya watu sita wanaojikinga mvua. Kwa hiyo nimetunga maneno yangu, na ninamwambia kila mtu hayo hayo, mwanafunzi kwa mzee: kama kuna dawa unayomeza kila siku, yoyote ile, imeze kwanza, yapite masaa mawili ndipo utafune hii, ukitangulia kutafuna hii, ile isubiri masaa sita. Leo dada mmoja aliyekuwa tayari anafunga mkoba akasimama. "Masaa sita?" Sita. Akarudia kwa sauti ya chini, kama anayekariri namba ya simu, akaondoka. Sijui na sihitaji kujua.

Mikono mingine haihitaji maelezo marefu. Julai iliyopita, asubuhi yenye baridi, aliingia baba wa makamo akaomba Eno, gesi imembana. Nikamwomba anionyeshe. Akaweka ngumi katikati ya kifua, haikupanda wala kushuka. Jasho linamtoka na sisi wote tumevaa masweta. Mkono wa kushoto, akasema, mzito. Nikamkalisha, nikamuuliza kama asprini inamdhuru au ana vidonda, nikampa moja atafune, na teksi ikampeleka hospitali. Ilikuwa moyo. Sikumuuzia Eno, na alipanda teksi akininung'unikia kwa hilo.

Na kuna kidole. Mtu ananyoosha kidole kooni au katikati ya kifua, anasema ugali unakwama, siku hizi anashushia kwa maji, na suruali imelegea kiunoni. Huyo simuuzii chochote. Saratani ya umio inaonekana sana katika ukanda huu wa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, na kwetu huwapata hata watu ambao hawajafika umri wa kuitwa wazee. Huyo anaenda akamulikwe kwa mpira wenye kamera, wiki hii, si baada ya mavuno. Chai ninaitaja pia, kwa kuwa shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa tangu 2016 limeviweka vinywaji vya juu ya nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoweza kuleta saratani hiyo. Wanacheka. Mlimani chai ya vuguvugu ni ya mgonjwa.

Sasa niandike kilichonifanya nifungue daftari.

Kuna mzee wa kahawa, anashuka kutoka juu huko kila baada ya wiki mbili. Mwaka jana, kwa miezi mitano, Jumamosi moja alinunua diklofenaki ya magoti, safari inayofuata akanunua omeprazoli ya chembe cha moyo. Kwangu mimi. Si kwa mwenzangu wa zamu wala duka la jirani. Mkono huu huu ulipokea hela zote mbili. Diklofenaki hutuliza goti kwa kuzuia kemikali za maumivu, na kemikali hizo hizo ndizo zinazotunza ute unaolinda ukuta wa tumbo. Kwa mtu mzima kama yeye ukuta unaweza kuchimbika na kuvuja damu bila hata kuuma sana. Na kliniki alikuwa anapewa asprini ndogo ya moyo, nayo huchimba tumbo vile vile, jambo ambalo sikulijua kwa kuwa sikuuliza. Kila alipokuja tulisalimiana vizuri, shikamoo baba, marahaba mwanangu, mvua zikoje huko juu. Niliuliza habari za mvua kila mara.

Siku moja alikuwa anasubiri chenji, akasema kwa kupitisha muda kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami. Nikamuuliza kama anameza vidonge vya kuongeza damu. Hapana. Kisusio, ile supu ya damu? Akacheka, kisusio mara ya mwisho Krismasi. Nikavuta kope la jicho lake chini, ndani ni peupe kama karatasi. Nikafunga kaunta, nikampigia mwanawe. Hospitali walikuta kidonda kinavuja, akaongezewa chupa mbili za damu, akalazwa siku sita.

Alipopona aliniletea mkungu wa ndizi. Nilikula zile ndizi wiki nzima, mtori na machalari, bila kumwambia. Mwezi uliofuata ndipo nikamkalisha kwenye stuli nikamweleza: baba, zile za magoti ndizo zilikuchimba, na mimi ndiye niliyekuuzia, na niliziona zile za tumbo nisiunganishe. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama basi magoti yake hayana dawa tena.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au kwa msamaha. Swali la magoti sikujiandaa nalo, na ndilo lililokuwa la maana kwake, maana shamba lake liko kwenye mteremko.

Tangu hapo nina daftari la wateja wa kudumu, la karatasi, chini ya droo. Jina la utani, dawa, tarehe. Mwenzangu ananicheka, ila juzi nimemkuta analiandika na yeye.

Leo mzee alikuja kwenye mvua, lakini hayumo kwenye wale 17, kwa sababu hakuulizia tumbo. "Nipe ya magoti, ile ya kweli." Nikampa parasetamoli na dawa ya kuchua.

"Hii si ya watoto?"

"Ya watoto ni ya maji, baba."

Akaigeuza pakiti mara mbili, akaulizia bei, akasema imepanda. Kisha akavua kofia, akaiweka pakiti ndani yake isilowe, akaivaa tena, akatoka.