Kitako cha sado

Nilibatizwa Ziwa Tanganyika, ufukwe wa Kibirizi, Agosti 1999, nikiwa na miaka 17. Mwinjilisti alichagua siku za mbalamwezi. Siku hizo wavuvi wa dagaa hupumzika, taa zao za karabai hazivuti samaki, na ufukweni panapatikana nafasi ya kusimama bila kukanyaga dagaa za mtu.

Mama hakuja. Yeye ni Mkatoliki, na kwake jambo hilo lilikwisha zamani.

"Wewe ulizaliwa mara ya pili ukiwa na miezi mitatu," aliniambia. "Padri alikumwagia maji, ukalia kama wenzako. Sasa hii ni ya ngapi?"

Sikuwa na jibu. Wakatoliki wanayasoma maneno yaleyale ya Yohana 3, "kwa maji na kwa Roho", wakayaona kwenye ubatizo wa mtoto mchanga. Sisi walokole tulisema lazima mtu aamue mwenyewe. Mwinjilisti alimpenda sana Nikodemo, yule Farisayo aliyemwendea Yesu usiku akauliza kama mtu mzima anaweza kurudi tumboni mwa mamaye. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba neno la Kigiriki lililotafsiriwa pale "mara ya pili" lina maana mbili, "tena" na "kutoka juu". Nikodemo alishika ile ya kwanza tu. Na mimi pia, nadhani.

Nilizamishwa, wimbi likanikuta mdomo wazi, nikatoka nakohoa. Watu wakaimba. Nilingoja nijisikie mtu mwingine. Nikasikia njaa.

Jumatatu nikarudi kwenye meza yetu ya dagaa. Sado yetu ya kupimia ilikuwa kopo la rangi la lita nne, na kitako chake nilikuwa nimekigonga mwenyewe kwa jiwe mpaka kikaingia ndani. Kwa nje huoni kitu. Ukijaza na kuweka kilemba juu, mteja anaona amependelewa, kumbe konzi nzima imebaki kwetu. Karibu wote tuliopanga meza pale tulifanya hivyo, na waliokuwa wanawahi treni ya Tabora hawakuwa na muda wa kupindua kopo.

Mama mmoja akaniagiza sado sita. Nilijaza ya kwanza, mkono ukawa mzito. Si sauti, si maono. Niliona aibu tu, kama mtu aliyekutwa anavaa nguo. Nikamwambia angoje. Nikaokota jiwe, nikaingiza mkono ndani ya kopo, nikagonga kitako mpaka kikatoka. Meza ya jirani wakacheka. Yule mama hakuelewa, akafikiri kopo limetoboka.

Jioni mama yangu alihesabu pesa mara mbili. Kisha akalichukua kopo, akapitisha kiganja chini yake.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi, mama. Nimeokoka."

"Haya. Na huyo Roho wako, ada ya shule ya mdogo wako atalipa?"

Hakusema zaidi. Alhamisi nilipofika mezani nilikuta kitako kimerudi ndani, safari hii kimegongwa kwa nyundo, kazi safi kuliko yangu. Mama alikuwa anageuza dagaa mchangani, amenipa mgongo. Nikatafuta jiwe.