Kutafuta kilele cha Kilima: kumbukumbu za Mei hadi Septemba

Kilima chenyewe kwenye ramani hakina jina. Kiko kusini mwa mji wa Tabora, upande wa barabara ya kwenda Sikonge, na wanakijiji wanakiita Kilima tu, maana hapo jirani hakuna kingine cha kuchanganya nacho. Ukikitazama kutoka barabarani ni kama mgongo wa ng'ombe aliyelala: mrefu, umefunikwa na miti mwanzo hadi mwisho, hauna ncha. Nimekipita miaka mingi nikipeleka bati na misumari vijijini, na kila nikipita najiuliza juu kabisa ni wapi. Mwaka huu nikaamua kwenda kupatafuta. Naandika yote, na nilipokosea pia, ili mwenye kilima chake cha namna hii asianzie nilipoanzia mimi.

Mei, safari ya kwanza

Nilianza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hatua hii msiiruke. Msituni kuna mizinga ya watu, na mgeni mwenye panga anayezungukazunguka chini ya mizinga ana maswali ya kujibu. Mwenyekiti aliniuliza mara mbili kama natafuta madini, kisha akanikabidhi kwa babu mmoja mrina asali.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huko juu unakwenda kufuata nini?"

"Kilele, babu."

Akanyamaza kidogo. "Kilima kile kina kilele?"

Swali hilo nimekaa nalo miezi mitano.

Mvua zilikuwa zimeisha karibuni na nyasi zilinipita kichwa. Babu alifuata njia ya warina, ambayo yeye anaiona na mimi siioni. Tulipofika katikati, simu, niliyoiingizia namba nilizosoma kwenye ramani ya zamani, ikaniambia kilele kiko upande wa kulia, nami nikaacha njia yake nikakata moja kwa moja na panga. Hatua kama hamsini hivi nikaingia kwenye upupu. Maganda yalikuwa yameshakauka, yana manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri kuyatazama, na niliyatikisa yote kwa bega moja. Shingo, mikono, hadi ndani ya kola, mwili mzima uliwaka. Nikashika chupa ya maji, babu akaninyang'anya: "Usioshe! Usijikune!" Akanipaka majivu makavu aliyokuwa nayo kwenye kopo la kufukizia nyuki, akayapangusa kwa majani, akapaka tena. Tulirudi bila kufika juu.

Juni, nyumbani na ramani

Nilikaa na ramani ya 1:50,000 nikaelewa kwa nini simu ilinipeleka kwenye upupu. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa mfumo wa vipimo unaoitwa Arc 1960, na simu inatumia mfumo wa WGS84. Namba zinafanana kwa sura, lakini mahali si pamoja. Ukisoma namba za ramani ya zamani ukaziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, unakosea kwa karibu mita 300, na kosa lenyewe linakusukuma zaidi kaskazini. Kwenye mlima mkubwa mita 300 huenda usizione. Kwenye Kilima zinakutoa mgongoni kabisa na kukuweka ubavuni.

Hata baada ya kusahihisha, ramani haikunisaidia sana. Kontua ya mwisho, yaani ule mstari unaounganisha mahali penye urefu sawa, imejifunga kama yai, na ndani ya yai hakuna namba wala alama ya bikoni ya wapimaji. Maana yake kilele kiko mahali fulani ndani ya yai hilo. Nikajaribu data ya urefu inayopatikana bure kwenye intaneti, ile iliyokusanywa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000. Kazi ile ni ya ajabu, siku 11 tu na wamepima sehemu kubwa ya dunia. Ila rada ile penye msitu haifiki chini yote, inagonga pia matawi. Kwenye kilima chenye mgongo bapa kama hiki, "sehemu ya juu" inayoonyeshwa inaweza kuwa tu mahali penye miti mirefu ya mtundu. Nikaikunja ramani.

Julai, safari ya pili

Nyasi zilikuwa zimechomwa mapema kuzunguka mizinga, na kwa mara ya kwanza nikaona ardhi. Tulifika juu kwa dakika arobaini. Mgongo una miti ya mtundu, mininga michache, na mikusu upande wa magharibi.

Simu yangu ina kipimo cha mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri unavyopanda, nikadhani kitamaliza kazi. Nawaomba msikiamini. Huku kwetu ukanda wa joto mgandamizo hupanda hadi kama saa nne asubuhi, kisha hushuka hadi kama saa kumi jioni, kila siku, hata hali ya hewa ikiwa ile ile. Na kwa mwinuko wa Tabora, mgandamizo ukishuka hektopaskali moja (ndicho kizio cha kuupimia), simu inahesabu kwamba umepanda zaidi ya mita tisa. Nilijaribu kwa makusudi: nikakaa chini ya mninga mmoja saa nne hadi saa kumi, tukala viazi vitamu na babu, na kufikia jioni simu ilisema nimepanda mita 26.

Kilichopatikana siku hiyo ni kupunguza mahali pa kutafuta. Bega la mashariki nililiondoa mara moja, ni chini kwa macho. Yakabaki mawili: jiwe la granaiti lililochomoza kama meza, na kichuguu kikubwa kilicho hatua kama mia moja kusini yake, chenye mti mzima juu yake. Nikisimama kwenye jiwe, naapa kichuguu ndicho kirefu. Nikienda kichuguuni, naapa ni jiwe. Nilirudia mara nne.

Agosti, safari ya tatu: mpira wa maji

Jibu lilikuwa dukani kwangu muda wote. Mafundi uashi hawatumii simu kusawazisha msingi, wanatumia mpira mwembamba wa kuona ndani, wenye maji. Maji yakitulia, ncha zote mbili ziko usawa mmoja, hata kama katikati kuna kichaka, jiwe au shimo. Huhitaji kuona upande wa pili. Kwa kilima chenye msitu sijui kifaa cha bei rahisi kinachokizidi.

Nilikata mita 20, nikatia maji yenye matone ya wino wa bluu ili mstari uonekane, nikamchukua mpwa wangu ashike ncha ya pili. Kutoka jiwe hadi kichuguu tulipima mita 71, kwa hiyo tukapigilia vigingi na kwenda kwa vipande vinne. Kila kipande: mmoja ananyoosha rula kigingini, mwingine anapandisha ncha polepole, maji yanacheza juu chini, juu chini, kisha yanatulia. "Mjomba, tulia! Sasa soma!" Naandika kwenye daftari, tunahama.

Mzunguko wa kwanza ulisema jiwe limezidi kwa sentimita 12. Nilifurahi. Lakini kanuni niliyojiwekea ni kupima kwenda na kurudi, na wakati wa kurudi hesabu ilikataa kwa sentimita 31. Tukaunyoosha mpira juani, tukaukagua kidole kwa kidole, na karibu na katikati tukaona kiputo cha hewa, chembamba, kirefu kama punje ya mchele, na kingine nyuma yake. Viputo vinakata mnyororo wa maji na ncha hazisemi kweli tena. Tuliinua mpira kidogo kidogo, tukiugonga kwa kucha, hadi vyote vikatoka. Kisha tukaweka ncha mbili pamoja kuhakikisha mstari ni mmoja. Fanyeni hivyo kabla ya kila kipande, sisi tulijifunza kwa kupoteza nusu siku.

Mzunguko wa pili: kwenda, kichuguu kimezidi jiwe kwa sentimita 46. Kurudi, 45.

Mpwa akauliza kama kichuguu kinahesabika. Hapo kwanza nilikataa. Kitako cha kichuguu kiko chini ya usawa wa jiwe, kwa hiyo ukiwaondoa mchwa jiwe linashinda. Niliandika "jiwe" daftarini na kupigia mstari.

Babu ndiye aliyenitikisa. "Mchwa wameutoa wapi udongo wao? Si humu humu kilimani?" Na niliporudi nyumbani nikasoma kuhusu vichuguu vikubwa vya Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye misitu ya miombo kama yetu, ambavyo wanasayansi walivipima umri. Baadhi vimekuwepo kwa zaidi ya miaka 2,000. Sikujua kwamba kichuguu kinaweza kuwa na umri huo. Siwezi kusema hiki chetu kina miaka mingapi, ila siwezi tena kukiita kitu cha kupita. Udongo wa Kilima umepandishwa juu, mti umeota juu yake, mizizi imeushika. Nimefuta "jiwe". Kilele ni kichuguu.

Septemba, safari ya nne

Fupi. Mitundu imetoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, mgongo wote unang'aa kama shaba. Sikupanda kichuguu, kinaishi na sikutaka kukivunja. Niliweka kiganja juu kabisa, pembeni ya shina la mti, udongo ulikuwa wa moto na mgumu kama tofali. Kutoka pale huoni mji wala barabara, ni majani na mzinga mmoja wa magome.

Kigingi cha kudumu nimekipigilia mwambani penye ufa, alama iko sentimita 45 chini ya ncha ya kichuguu. Mei, mvua zikiisha, tutarudi na mpira kuona mchwa wameongeza kiasi gani. Babu anasema vidole viwili.